Bajeti ya kubadili jina kisheria Zanzibar: hesabu kutoka kwa wakili hadi pasipoti

Mtu anayetaka kubadili jina huuliza kwanza wakili anachukua kiasi gani, na akishajibiwa hudhani bajeti imekamilika. Hati yenyewe ni kurasa mbili tatu. Fedha nyingi huondoka baada ya hapo: kwenye vitambulisho, pasipoti, benki, kazini, na zaidi kwenye nauli za kurudi mara ya pili na ya tatu kwa sababu herufi moja haikulingana. Mzanzibari ana mzigo wa ziada, kwa kuwa ana vitambulisho viwili vya taasisi mbili. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, yaani ZanID, kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kitambulisho cha Taifa kinatolewa na NIDA, ambayo ni taasisi ya Muungano. Kubadili kimoja hakubadili cha pili. Kila kimoja kina foleni yake, fomu yake na nauli yake.

Kwa hiyo bajeti ipangwe kwa kufuata msururu mzima, na mpangilio wa hatua una thamani ya fedha kama ilivyo ada yenyewe.

Hatua ya 1: Jua kama unabadili jina au unasahihisha kosa

Hapa ndipo penye kuokoa fedha nyingi kuliko pahala pengine popote, na ndipo watu wengi wanapoparuka.

Majina yetu mengi yana asili ya Kiarabu na huandikwa kwa masikio ya karani. Khamis akawa Hamisi, Othman akawa Athumani, Suleiman akawa Selemani, Omar akawa Omary, Khadija akawa Hadija, Abdalla akaongezewa h mwishoni. Tena Mzanzibari hutumia majina matatu, lake, la baba na la babu, wakati fomu nyingi zina kisanduku cha "jina la ukoo". Wengine walijaza la babu, wengine la baba, wengine kabila, na wako walioacha wazi. Miaka kumi baadaye mtu mmoja ana nyaraka tano zenye maandishi matatu tofauti, na anaambiwa "nenda kabadili jina".

Mara nyingi hahitaji kubadili. Jiweke katika moja ya makundi haya.

Kosa liko kwenye waraka mmoja tu, na cheti cha kuzaliwa kiko sahihi. Hapo unaomba masahihisho kwenye taasisi ileile iliyokosea, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Hati ya kubadili jina haihitajiki, na anayekutengenezea anakuuzia kitu usichokihitaji. Kibaya zaidi, ukishasaini hati ya kubadili jina umetamka kisheria kwamba jina la zamani lilikuwa lako na umeliacha, ilhali halijawahi kuwa lako.

Majina yametofautiana kidogo kwenye nyaraka ambazo hazibadiliki, kwa mfano cheti cha mtihani kimeandikwa "Fatuma" na wewe ni Fatma. Hapo dawa ni hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo ni rahisi, kazi yake humalizika ndani ya siku moja, na mwajiri au chuo hukiambatanisha na cheti.

Unataka jina jengine kabisa: umesilimu na umechukua jina la Kiislamu, unaongeza jina la kabila ili lilingane na la ndugu zako walioko Oman, au jina ulilopewa linakuumiza na hutaki tena kulibeba. Huku ndiko kubadili jina kwa kweli. Unahitaji hati ya kubadili jina, ile mawakili wanayoiita didipoli, iliyosainiwa, ikashuhudiwa na kusajiliwa.

Kundi la nne ni jina la baba. Kubadili jina la baba kunagusa nasaba, mirathi na ndoa, na hati ya wakili peke yake haitoshi kulimaliza. Usianze kulipia chochote hapa kabla ya kukaa na mwanasheria na kujua kama mahakama itahusika. Mtoto wa kulea hubaki na jina la baba yake. Wanaotaka aingie kwenye bima au skuli kwa jina la mlezi waulize kwanza kama hati ya ulezi itawatosha, kwani mara nyingi ndiyo inayotakiwa.

Na kwa wanaoolewa: mke hahitaji kubadili jina ili ndoa itambuliwe. Ushahidi wa ndoa ni hati ya ndoa. Ukiambiwa na mtu ubadili, muulize ni afisi gani hasa inayodai na kwa kifungu gani, kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 2: Andika jedwali la herufi

Kazi hii ni ya jioni moja na gharama yake ni karatasi na kalamu. Toa kila waraka wenye jina lako: cheti cha kuzaliwa, ZanID, kitambulisho cha Taifa, pasipoti, kadi ya mpiga kura, vyeti vya skuli na chuo, hati ya ndoa, kadi ya benki, barua ya ajira, taarifa ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), leseni, TIN (namba ya mlipa kodi), hati ya ardhi. Kwenye karatasi andika jina kama lilivyo kwenye kila waraka, herufi kwa herufi, na nafasi kwa nafasi. "Mwana Khamis" na "Mwanakhamis" ni majina mawili mbele ya kompyuta. Pembeni andika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo, kwa sababu hiyo nayo hutofautiana, na ukienda kubadili jina huku tarehe zimepishana utarudishwa kwa sababu ya tarehe.

Chukua na taarifa ya laini ya simu. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo jina linalotokea mtu anapokutumia fedha ni lile la NIDA. Likiwa tofauti na la ZanID, utaligundua siku ambayo wakala anakukatalia kutoa.

Jedwali hilo utampa wakili. Hati nyingi hushindwa kufanya kazi kwa sababu iliandikwa kwa jina moja la zamani, lile la cheti cha kuzaliwa, kisha afisa wa NIDA akaangalia kumbukumbu zake akaona jina la tatu ambalo halimo kwenye hati. Kwake yeye hati hiyo ni ya mtu mwengine. Hati iliyoandikwa vizuri hutaja maandishi yote ya zamani, kila moja kama lilivyo kwenye waraka wake, halafu hutaja jina jipya moja tu. Mstari huo mmoja wa "pia hujulikana kwa" unaweza kukuokolea hati ya pili.

Hatua ya 3: Panga mfuatano kabla ya kupanga fedha

Kila afisi inaangalia waraka wa afisi iliyotangulia. Mfuatano unaofanya kazi ni huu: cheti cha kuzaliwa kiwe sawa, kisha hati ya kubadili jina na usajili wake, kisha ZanID, kisha NIDA, kisha pasipoti, kisha laini za simu na benki, kisha mwajiri, ZSSF, TIN, leseni, ardhi na vyenginevyo.

Anayeanzia benki kwa sababu benki iko karibu na nyumbani atarudishwa, maana benki inataka kitambulisho kipya. Anayerukia pasipoti kabla ya NIDA atarudishwa pia, kwa kuwa maombi ya pasipoti yanaanzia kwenye namba ya NIDA na jina lililoko huko. Namba ya NIDA yenyewe, ile ya tarakimu 20 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, inabaki ileile, hivyo usikubali kujisajili upya kama mtu mpya. Mtu mwenye usajili mara mbili hufungiwa zote mbili, na kulifungua jambo hilo kunakula miezi.

Kama huna cheti cha kuzaliwa kabisa, na wazee wengi waliozaliwa nyumbani mashamba hawana, anza na usajili wa kuchelewa: barua ya sheha wa shehia, viapo vya watu wazima wanaojua kuzaliwa kwako, na kadi ya kliniki au ya skuli kama ipo. Hilo ni fungu lake peke yake la bajeti, na likamilike kabla ya kumlipa wakili kwa hati ya jina. Kuna faida moja: anayesajiliwa kwa mara ya kwanza anaweza kusajiliwa kwa maandishi sahihi tangu mwanzo.

Angalia na kalenda yako. Kama una safari ndani ya miezi sita, umeshatoa majina kwenye taasisi ya Hija au Umra, au una viza hai kwenye pasipoti ya sasa, usianze. Tiketi, viza na pasipoti zinasomwa kwa jina moja. Maliza safari, rudi, ndipo uanze.

Hatua ya 4: Bei ya hati, vipande vyake vyote

"Hati ni shilingi ngapi?" ni swali linalompa mtu jibu la nusu. Uliza kwa vipande, na umwombe wakili akuandikie:

- kuandika hati na kuisimamia kusainiwa;
- kiapo kinachoambatana nayo, kama kiko nje ya bei ya kwanza;
- ushuru wa stempu;
- ada ya kuisajili kwa Mrajis, yaani msajili wa nyaraka;
- tangazo, likitakiwa, liwe la Gazeti Rasmi la Serikali au la gazeti la kila siku;
- nakala zilizothibitishwa, kwa kila moja;
- nani anapeleka hati kusajiliwa, na kama nauli yake imo.

Vipande viwili vya mwisho ndivyo vinavyosahaulika. Usajili wa nyaraka Zanzibar uko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Wakili akikupa hati yenye muhuri wake tu akasema "tayari", muulize namba ya usajili iko wapi. Hati isiyosajiliwa hupokelewa na baadhi ya watu na kukataliwa na wengine, na wewe utalijua hilo baada ya kulipia foleni ya tatu.

Nakala zilizothibitishwa zihesabu kabla. ZanID moja, NIDA moja, Uhamiaji moja, benki moja kwa kila akaunti, mwajiri moja, ZSSF moja, chuo moja, na mbili za akiba. Kwa mtu wa kawaida ni kati ya nane na kumi. Zichukue zote siku moja pahala pamoja, kwa sababu kuthibitisha moja moja kila unapoambiwa "lete nakala" kunakugharimu muhuri na safari kila mara. Hati ya asili usimwachie mtu. Afisa aione, achukue nakala, akurudishie. Wala usiitie plastiki: muhuri wa kubonyeza haushikiki tena, na mwenye kukagua anaweza kuikataa. Mfuko wa nailoni unaofunguka unatosha.

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na orodha yake ya mawakili. Hakikisha anayekuandikia ana cheti hai cha kufanya kazi hapa, hata kama kaka yako ana rafiki wakili Dar es Salaam anayesema atakufanyia bure.

Kwa asiye na uwezo, sheria ya msaada wa kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 iko kwa ajili yake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, husaidia watu, na kuna wasaidizi wa sheria hata vijijini. Watakuondolea gharama ya ushauri, na wakati mwengine ya kuandika. Ada za Serikali zinabaki, kwa hiyo usifute fungu lote. Punguza mstari wa wakili tu.

Hatua ya 5: Vitambulisho na pasipoti

Kwa ZanID nenda afisi ya wilaya yako na cheti cha kuzaliwa, hati iliyosajiliwa, nakala yake, kitambulisho cha zamani na barua ya sheha. Kitambulisho cha zamani kipige picha na fotokopi pande zote mbili kabla ya kukikabidhi. Ukiombwa fedha, ziwe kwa namba ya malipo ya Serikali na risiti. Kama hakuna namba ya malipo, uliza kwa upole malipo hayo yanaingia wapi.

Kwa NIDA tenga shilingi 20,000, ambayo ndiyo ada inayotozwa kitambulisho kinapotolewa upya baada ya kupotea. Taarifa hubadilika kwenye kumbukumbu kabla ya kadi kuchapishwa, na kadi inaweza kuchelewa sana. Usisubiri kadi ili uendelee na hatua nyengine. Uliza kama jina limeshabadilika kwenye mfumo, kisha ujaribu mwenyewe: nenda kwa wakala wa simu uhakiki laini kwa kidole, jina litakalotokea ndilo lililoko NIDA. Ni kipimo cha dakika tano, na kinakuzuia kulipia pasipoti mapema.

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Hulipi zote kwa pamoja: 20,000 ni ya fomu unapoanza maombi mtandaoni, na 130,000 inafuata. Mgawanyo huo unasaidia sana anayekusanya fedha kidogo kidogo. Pasipoti hudumu miaka 10, na hakuna kulipia nusu kwa sababu ya zamani ilikuwa imebakisha miaka saba. Kama husafiri, na ya sasa imebakisha mwaka mmoja au miwili, iache iishe, ukiiombea mpya uiombe kwa jina jipya. Utakuwa umefuta mmoja wa mistari mikubwa kabisa kwenye bajeti. Ukiamua hivyo, usiitumie ile ya zamani kusafiria: kitambulisho kinasema hivi, pasipoti inasema vile, na maswali ya uwanjani hayana subira.

Kwenye fomu ya pasipoti kaa na kisanduku cha jina la ukoo kwa makini. Jina litakalowekwa hapo ndilo litakalotangulia kwenye tiketi na viza. Amueni kama familia. Watoto wa baba mmoja waliojaza mmoja jina la babu na mwengine kabila husumbuka wanapoombea viza kwa pamoja.

Hatua ya 6: Nauli, ambazo ndizo zinazovunja bajeti

Hesabu safari, sio nauli. Kwa kawaida kuna safari mbili kwa wakili, moja ya usajili, mbili za ZanID, mbili za NIDA, mbili za pasipoti, moja ya benki na moja ya mwajiri. Hizo ni kumi na moja kama kila kitu kimekwenda sawa. Aliyeko Micheweni au Makunduchi azizidishe na nauli yake ya kwenda na kurudi, aongeze chakula cha mchana, na kama ni mchuuzi au kibarua aongeze na mapato ya siku aliyoipoteza. Hili la mwisho watu hawaliandiki, kisha mwisho wa mwezi wanashangaa fedha zimekwenda wapi.

Kwa aliyeko Pemba, mengi yanafanyika hukuhuku kisiwani, wilayani na Chake Chake. Piga simu kabla ya kupanda gari, uliza kama afisi ya hapa inapokea na kukamilisha, au inapokea tu na kupeleka Unguja. Tofauti yake ni wiki kadhaa. Ikilazimu kuvuka, kusanya mambo matatu au manne kwenye boti moja: usajili, ufuatiliaji, makao makuu ya benki, taarifa ya ZSSF. Usivuke Alkhamisi jioni kwa kazi ya Ijumaa, maana asubuhi ya Ijumaa ni fupi, na ukishindwa kumaliza utalala mpaka Jumatatu. Jumapili usiku uwe mjini, Jumatatu asubuhi uwe mlangoni. Afisi za Serikali hufungwa saa 9:30 alasiri, na anayefika saa nane mara nyingi huambiwa arudi kesho. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua. Wiki za karibu na Idi na Januari 12 ziache kabisa.

Wakati wa kusi kali boti hukatizwa, basi aliyeko Pemba aweke usiku mmoja wa ziada kwenye hesabu, hata kama atalala kwa jamaa. Mgeni hafiki mikono mitupu.

Hatua ya 7: Hesabu moja ya mfano

Chukua mtumishi anayeishi Wete, anabadili jina kamili, anahitaji pasipoti, na atavuka Unguja mara moja. Ya pasipoti ndiyo bei rasmi. Nyengine zimewekwa kuonesha namna ya kujaza, nawe uziondoe uweke za risiti zako.

Picha, fotokopi na bahasha 10,000. Nakala mpya ya cheti cha kuzaliwa 10,000. Wakili, pamoja na kiapo na nakala nane zilizothibitishwa, 150,000. Stempu na usajili 40,000. ZanID 10,000. NIDA 20,000. Pasipoti 150,000. Kadi mpya ya benki 15,000. Safari tisa za ndani ya kisiwa kwa 6,000, jumla 54,000. Boti kwenda na kurudi pamoja na chakula na daladala za mjini 110,000. Makato ya kulipia kwa simu 8,000.

Jumla ni 577,000. Ongeza akiba ya asilimia 15, yaani 86,550, unafika 663,550.

Wakili hapo ni kama robo tu ya fedha. Safari pamoja na chakula chake, 164,000, zimempita. Ukiondoa pasipoti na safari ya Unguja, jumla inashuka hadi 317,000, na pamoja na akiba yake ya 47,550 inakuwa 364,550. Ndiyo maana hoja ya "nivuke au nisivuke" na "pasipoti sasa au baadaye" inafaa kufikiriwa mapema kuliko kubishana na wakili juu ya shilingi elfu kumi.

Akiba usiifanye chini ya asilimia 15. Ina kazi maalumu: barua iliyochakaa inayotakiwa upya, taarifa ya polisi ya kitambulisho kilichopotea, tangazo ambalo hukuambiwa mwanzo. Kama nyaraka zako zina maandishi zaidi ya matatu tofauti, fanya asilimia 25.

Asiyeweza kutoa zote kwa pamoja agawe kwa mafungu mawili. La kwanza ni la hati, usajili, ZanID na NIDA, na hili likusanywe lote kabla ya kuanza. Kusimama katikati ya hapo ni kubaya, kwa sababu vitambulisho vyako viwili vitakuwa vinapingana na huna cha kuonesha popote. La pili ni pasipoti, leseni na mengineyo, linaweza kusubiri miezi.

Benki, kazini na ZSSF

Kwa mtumishi, hatari ya kweli ni mshahara kurudi. Jina la orodha ya mishahara likibadilika wakati la benki bado, au kinyume chake, malipo yanaweza kukwama. Fanya zote mbili ndani ya mwezi mmoja, siku chache baada ya mshahara kuingia, ili zipatikane wiki tatu za kurekebisha kabla ya mwengine. Peleka barua kupitia mkuu wa taasisi yako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Weka chakula na nauli za mwezi mmoja pembeni kabla ya kuanza hatua hii. Nalo ni sehemu ya bajeti.

Benki itachukua saini mpya. Kama una mkopo au umemdhamini mtu, sema mapema, kwani mkataba nao unahitaji kuunganishwa na jina jipya. Huko ZSSF omba taarifa ya michango yako baada ya mabadiliko, uhakikishe michango ya jina la zamani na ya jipya iko kwenye akaunti moja. Anayeacha hili huligundua siku anapodai kiinua mgongo, wakati mwajiri wa zamani ameshastaafu na jalada halionekani.

Vyeti vya mtihani

Usitenge fedha za kubadili jina kwenye cheti cha Kidato cha Nne au cha Sita. Cheti hubaki na jina ulilofanyia mtihani. Kinachokuunganisha nacho ni hati yako iliyosajiliwa, na hilo ni halali kabisa. Wanaoahidi kukutolea cheti chenye jina jipya kwa malipo wanakuuzia cheti cha kughushi, na kwa mtumishi hilo linaondoa kazi.

Kwa mwanafunzi ambaye bado hajafanya mtihani, habari ni nzuri: mzazi aende skuli na cheti cha kuzaliwa kabla majina hayajapelekwa kusajiliwa, aombe aone orodha kwa macho yake, akague herufi moja moja. Gharama yake ni nauli ya siku moja. Kosa lilelile likigunduliwa miaka mitano baadaye, mtoto huyo ataingia kwenye hesabu yote iliyopo hapo juu.

Jalada la kubaki nalo

Nunua faili moja gumu. Ndani yake ziwe hati ya asili, risiti zote, fotokopi za vitambulisho vya zamani vyote ulivyokabidhi, jedwali lako la herufi, na nakala mbili zilizothibitishwa ambazo hukuzitumia. Piga picha kila karatasi na uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Siku ya mirathi, jina lako la zamani ndilo litakalokuwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanao au kwenye hati ya shamba la marehemu, na watakaokuwa wanatafuta uthibitisho ni warithi wako. Waoneshe faili liko wapi.